Asili ya Nincompoop

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Msikilizaji ameuliza neno la Kiingereza "nincompoop", yaani mtu mpumbavu, limetoka wapi. Bosi kasema atakayeleta jibu lenye vyanzo viwili ndiye atakayepewa kipindi cha lugha cha Jumapili. Redio nzima tunaokitaka ni wawili: mimi na Miwani, wa meza ya pembeni. Jioni nikajikuta nimeshamwambia mama mkwe kwamba kipindi ni changu. Kawatangazia ndugu zake wote. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 4 Machi
Nimepekua kamusi zote za ofisini. Zote zinasema asili yake haijulikani kwa hakika. Kwa jibu hilo nani atanipa kipindi? Macho yananiuma. Miwani naye anapekua, tena huku akipiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi
Dawa imepatikana! Kuna tovuti ya maneno ambayo yeyote anaweza kuandika. Nimeandika, kwa jina la bandia, kwamba Nincompoop alikuwa mpishi wa meli aliyetia sabuni kwenye mchuzi wa nahodha. Chanzo cha kwanza hicho. Cha pili ni shemeji, kaka wa mke wangu, mwalimu wa Kiingereza shule ya ng'ambo ya barabara. Redio ikimpigia simu, athibitishe. Kaguna, kasema nitamponza, lakini kakubali. Bosi nitamweleza Ijumaa, nionekane nimetafiti kweli kweli.

Alhamisi, 6 Machi
Miwani kaiona tovuti. Akatafuta mwalimu wa Kiingereza wa karibu, akampigia. Shemeji! Kusikia tu ni redio, akathibitisha kama nilivyomwagiza, na rangi ya sabuni akaitaja. Kipindi kapewa Miwani. Nimepiga makofi pamoja na wenzangu. Mikono mizito.

Jumapili, 9 Machi
Tumesikiliza sebuleni. Mama mkwe kauliza mbona sauti si yangu. Nikasema nina mafua. Kasema kijana huyo anajua kueleza. Nimeona aibu, nimeenda kulala bila kula.

Jumatatu, 10 Machi
Profesa mmoja kapiga simu: hadithi ya sabuni ni uongo mtupu. Miwani kasimamishwa kazi. Bosi anatoka povu. Kasema atakayemleta aliyeandika uzushi ule kwenye tovuti, kipindi ni chake. Wa kwanza kunyoosha mkono nilikuwa mimi! Nimeahidi kumfikisha ofisini kabla ya Ijumaa, na mama mkwe nimeshamwambia. Kesho naanza kumsaka. Mshenzi huyo hachomoki!