Kibanja Kiandikwe kwa Jina la Kitovu

Ndugu Wakili Winston,

Tumsifu Yesu Kristo. Kwanza pokea marahaba, maana siku ile ofisini kwako Kayanga ulinipa shikamoo, nami kwa hasira nikatoka bila kuiitikia. Hasira zimepungua. Malalamiko hayajapungua, na nayaleta kwa adabu zote.

1. Nilikuja kuandika wosia ili kibanja changu cha hapa Kaisho, chenye migomba na makaburi ya baba na babu, nikifa kiende kwa mwanangu wa pekee wa kiume, Cassian. Ukaniambia Cassian si Mtanzania tena, kwa kuwa alikula kiapo cha uraia huko Kanada, na asiye raia hamilikishwi ardhi kama sisi. Wakili, mtoto akihamia nyumba nyingine na kuitwa kwa jina la huko, damu yake inabadilika? Ni ukoo gani unaofuta mtoto kwa sababu ameondoka?

2. Ukanifariji kwamba sheria ya uhamiaji imebadilika, watu kama yeye sasa wanaweza kuomba hadhi maalumu, na tukisubiri kuelewa masharti yake ya ardhi, kibanja kishikwe na wadhamini kwa niaba yake. Wao wakitunze, Cassian anufaike. Nashukuru, ila sijaona atanufaikaje. Mkungu ukikatwa Kaisho hauwezi kufika Kanada ukiwa mkungu. Wadhamini watakula matoke, Cassian watamtumia picha.

3. Hao wadhamini wenyewe. Ulimpendekeza mdogo wangu Elpidius. Huyo nilimpa mbuzi jike anitunzie, na kila mbuzi akizaa, fisi anakuja. Ni fisi mwenye akili sana, kwani mbuzi wa Elpidius mwenyewe hajawahi kuwagusa. Katekista Cleophace ni mwaminifu, sikatai, lakini ni mpaka pombe ya rubisi iive.

4. Basi nimewaza njia iliyo halali. Cassian alipozaliwa, kitovu chake kilizikwa chini ya mgomba ulio nyuma ya jiko. Kitovu hicho hakijapanda ndege wala kula kiapo cha mtu. Wilaya yenyewe ilibadilika kutoka Karagwe ikawa Kyerwa, kitovu hakikusogea. Ni raia kuliko hata wewe uliyesomea Kampala. Naomba kibanja kiandikwe kwa jina la kitovu. Watu wa uhamiaji wakitilia shaka waje wachimbe, jembe nitatoa mimi.

5. Kama sheria haina kifungu cha vitovu, kiongezwe. Imebadilishwa kwa ajili ya watu wazima wenye masanduku, haitashindwa na kitu kidogo namna hii.

Nisalimie mama watoto, karani wako Xaveria aliyenipa kiti, na jirani zako wote wa Kayanga hata nisiowajua.

Ni mimi, niliye bado hai na mwenye kibanja,
Telesfori Rwegoshora,
Kaisho.

N.B. Barua hii nimempa binti yangu Joanitha aisome kabla ya kuituma, maana macho yangu siku hizi yananidanganya. Wewe humjui, kwa sababu kwenye wosia sikumtaja. Ameolewa Isingiro, na siku ya harusi nilimwambia mbele ya watu kwamba sasa yeye ni wa ukoo mwingine, kama mila yetu inavyosema. Hata hivyo kila wiki anakuja kupalilia na kuweka samadi. Aliisoma, akacheka sana pale kwa fisi. Alipomaliza la nne aliikunja polepole, akaniuliza, "Baba, na changu mlikizika wapi?"

Kiko mgomba wa pili, nyuma ya jiko hilo hilo. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Usiipeleke barua hii popote. Wosia uandike upya, kibanja chote kiwe cha Joanitha, na wadhamini waache walale. Cassian akija na hadhi yake maalumu, dada yake ndiye atakayempokea.