Malkia Wote wa Kopa

Jumatatu, 6 Oktoba
Mama mkwe bado hacheki. Tangu tumzike mzee, mume wake, theluji ilipoyeyuka, anakaa dirishani na chai yake mpaka inapoa. Zuura, mke wangu, anasema tumwache apoe polepole. Mimi si mtu wa kuacha. Jumamosi anakuja Kubat, mume wa mdogo wake Zuura, na komuzi lake la nyuzi tatu. Mji mzima wa Osh unaamini hakuna kama yeye kwa kuchangamsha nyumba. Safari hii atanitambua. Nimepata video za mazingaombwe ya karata. Mwalimu anasema hata asiyejua lolote ataweza. Ndiye mimi!

Jumanne, 7 Oktoba
Somo la kwanza: kunyanyua karata mbili zionekane moja. Nikanyanyua tano. Mwalimu ana vidole vya mpiga kinanda. Mimi ni mwoka mikate. Karata zimejaa unga.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimemjaribia Zuura. Akaniambia, kwa upole, kwamba karata yake iko ndani ya mkono wa shati langu, na kona inaonekana. Wivu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimepata akili! Mama atachagua karata, kisha ataikuta ndani ya mkate. Leo nimeoka malkia wa kopa ndani ya donge. Tanuri limemla. Kesho nitapasua mkate ulioiva na kumchomeka. Ili Mama asichague mwingine, nimenunua pakiti za kutosha na kuwatoa malkia wa kopa wote, nikawaweka pamoja. Karata zangu sasa ni malkia watupu. Muuzaji ameanza kunitazama kama mcheza kamari.

Jumamosi, 11 Oktoba
Aibu.
Kubat alipiga komuzi. Mama akatazama dirisha. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikasimama. Nilikuwa nimetoka kula pilau kwa mkono, na mafuta ya kondoo si rafiki wa karata. Zikaruka zote. Malkia kwenye zulia, malkia kwenye zabibu, malkia kifuani kwa Kubat.
Kubat akaokota wawili, akawalinganisha. “Shemeji, kumbe una wake wote hawa? Zuura anajua?”
Halafu sauti ambayo sikuijua. Mama anacheka! Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Akavuta mkate, akaumega, malkia akachungulia, akacheka upya.
“Marehemu naye alikuwa hivi hivi,” akasema. “Akificha zawadi yangu, mtaa mzima unajua kabla yangu.”
Akamsimulia Kubat habari za mzee, moja baada ya nyingine. Akala mkate. Zuura alikimbilia jikoni. Nilimkuta analia, akanishika shingo kwa mikono yenye povu la sabuni.
Mama alipokwenda kulala aliniita. “Toktosun, mwanangu, usiache.”

Jumapili, 12 Oktoba
Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa karata. Ni ndogo mno kwa mtu wa kipaji changu. Asubuhi nimetazama video ya kumkata mtu vipande viwili na kumuunga tena. Sehemu ya kuunga sikuimaliza, mtandao ulikatika, lakini haionekani ngumu. Zuura amekataa kuingia kwenye sanduku. Kubat amekubali. Mama ameomba aketi mbele kabisa. Msumeno nimeazima kwa jirani.