Balbu Niliyoitia Mkobani

Jumatatu, 3 Machi
Mwanangu ana mtihani wa vitendo Alhamisi. Akifaulu, anapata cheti cha fundi umeme na kazi. Akianguka, mwaka mzima anarudia. Yeye anakula vizuri. Asiyekula ni mimi! Ametengeneza ubao wa balbu tatu, saketi sambamba. Nikamwambia zinawaka kinyonge. Akasema ziko sawa, mama, kanywe maji.

Jumanne, 4 Machi
Mwizi nimempata. Jirani mshonaji! Pasi yake inanyonya umeme wetu. Nikamwomba kwa adabu asipige pasi hadi Alhamisi. Akauliza, shoga, wateja wavae makunyanzi? Nikanuna. Jioni akamletea mwanangu shati la mtihani, limenyooshwa kama karatasi. Nikashukuru. Kwa pasi ileile, lakini!

Jumatano, 5 Machi
Mwanangu akanieleza taratibu: kila balbu ina njia yake, hainyang'anyi mwenzake. Nikaitikia, ndiyo mwanangu. Ila mimi nimegawa uji miaka ishirini. Akitoka mtoto mmoja, waliobaki wanashiba. Nani wa kunidanganya?

Alhamisi, 6 Machi, asubuhi
Yuko bafuni. Nimefungua balbu moja, ipo mkobani. Ubao nimeufunga kwa shuka, nitaubeba mwenyewe. Balbu mbili, umeme wa tatu. Atang'aa!

Alhamisi, mchana
Mungu wangu! Mtahini akauliza mbona holda moja haina balbu. Mimi niko dirishani, nimekumbatia mkoba. Mwanangu akatazama holda. Akatazama dirisha. Akavuta pumzi, akawasha. Mbili zikawaka. Akaeleza kwamba moja ikitoka, nyingine hubaki na mwanga uleule. Ndiyo maana taa ya jikoni ikiungua, sebuleni hakuingii giza. Mtahini akaitikia kwa kichwa, akasema hilo ndilo alilotaka kusikia, sasa ya tatu iko wapi? Nikaipitisha dirishani. Ikapachikwa. Zote tatu sawasawa! Amefaulu! Nikalia hadi mlinzi akaniletea kiti. Abarikiwe.

Ijumaa, 7 Machi
Asante Mungu. Asante mtahini, jirani, hata mlinzi. Mwanangu alinikumbatia, akanieleza upya, akaniapisha nisiguse tena balbu yake. Nimeapa. Nimeelewa kabisa.
Jumatatu anaanza kazi, simu yake lazima ijae chaji. Nimezima friji na redio. Jirani nimemwita chai, vikombe vitatu, nimemsifia shati wee! Hajui kitu. Pasi imepumzika tangu saa nne, na simu ya mwanangu inajaa mbio.