Vidole Anatazama Upande Gani?

Jumatatu, 4 Machi

Habari kubwa! Msanifu Mkuu wa jarida letu la muziki kastaafu. Kiti chake ki wazi, na chumba chake chenye dirisha pia. Mhariri katangaza kwamba atakayesanifu jalada bora la Vidole, yule mpiga gitaa anayetamba kila redio, ndiye atakayekirithi. Tuko wawili tu: mimi, mkongwe wa kurasa, na Bi Nafasi. Namwita hivyo kwa sababu kila ukurasa wake huuacha nusu mtupu. Eti macho ya msomaji yanahitaji pa kupumzikia. Kwani jarida ni gesti? Msomaji kanunua karatasi nzima, apewe karatasi nzima!

Jioni nikamwambia mke wangu kiti nimeshakipata. Kimenitoka tu. Sijafunga mdomo, keshampigia mama yake. Mama mkwe anakuja Jumamosi kunipongeza. Ndiyo hivyo, maji nimeyavulia nguo, sharti niyaoge.

Jumanne, 5 Machi

Jalada langu tayari. Vichwa vya habari kumi na kimoja. Nyota za manjano kila pembe. Fonti nane, maana zipo, za nini kuzibania? Mhariri kaliangalia, kavua miwani, kauliza kama humo ndani kuna mtu. Kanipa hadi kesho nirekebishe.

La Bi Nafasi lina sura ya Vidole na jina lake, basi. Kila anayepita anasimama. Hata mpika chai kasimama na birika mkononi. Nikamwambia chai inapoa.

Jumatano, 6 Machi

Nimejibanza nyuma ya kabati nikamsikia Bi Nafasi akimweleza mhasibu kwamba macho ya msomaji hufuata macho ya picha. Wa kwenye picha akitazama maneno, msomaji anasoma. Akitazama nje ya ukurasa, msomaji naye huyoo, kaondoka. Siri kubwa namna hiyo anaimwaga koridoni!

Mbio kwenye kompyuta. Lahaula! Vidole wangu anatazama nje, upande wa kushoto, kama anasubiri mgeni. Maneno yako kulia. Nihamishe vichwa vyote kumi na kimoja? Thubutu! Nimeigeuza picha yenyewe. Kubonyeza mara moja, kushoto kukawa kulia. Sasa Vidole anayakodolea maneno kama kayaandika yeye. Nyota nikazipunguza, zikabaki mbili, shingo upande.

Mhariri kachagua langu! Langu! Bi Nafasi kaliangalia kitambo, kaniuliza kama nina hakika na hiyo picha. Nikamwambia wivu hauna dawa.

Jumamosi, 9 Machi

Jarida limetoka asubuhi. Mama mkwe kafika mchana, na kumbe ni shabiki wa Vidole wa kufa na kuzikana. Nikamkabidhi nakala kwa mikono miwili. Kaisogeza mbali, kaisogeza karibu. Kaniuliza tangu lini Vidole anapiga gitaa kwa mashoto. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba hiyo ndiyo sanaa, mama. Akasema basi sanaa imehamisha na kovu la shavuni, na pete ya ndoa, imemhamisha mtu na mizigo yake yote. Mke wangu kakimbilia jikoni. Alikuwa anajifanya anakohoa.

Jumatatu, 11 Machi

Balaa! Vidole kaja ofisini mwenyewe. Kumbe jana, kwenye onyesho, mashabiki walimwinulia jarida wakidai apige kwa mashoto. Wengine wakasema huyu ni feki, wa kweli ni yule wa jaladani. Kajaribu, maskini. Anasema gitaa lililia kama paka aliyebanwa na mlango. Na mkewe anataka kujua pete ilihama kufuata nini. Nikamshauri ajifunze mashoto tu, ni rahisi kuliko sisi kuchapa upya. Mhariri kanitoa nje kabla Vidole hajatumia vidole.

Kiti kapewa Bi Nafasi. Na dirisha. Imeniuma, sifichi. Nimejifungia chooni nikalia. Na mama mkwe bado yupo, kesho anataka kuja kuniona kwenye kiti changu!

Jumanne, 12 Machi

Nimemwangukia Bi Nafasi miguuni. Nilitegemea anicheke. Wapi! Mama mkwe alipobisha hodi, kanikalisha kwenye kile kiti, kasimama pembeni, kaniita mwalimu wake. Mama mkwe kalisifia dirisha. Mlangoni kamnong'oneza Bi Nafasi kwamba chumba ni kizuri, na asante kwa kumstiri mkwe wake. Mimi nikajifanya sisikii.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeshushwa hadi ukurasa wa barua za wasomaji. Barua zote zinamhusu Vidole. Lakini pembeni inawekwa picha ya Mhariri akimpa Bi Nafasi mkono wa pongezi, na nimeapa kulipa wema kwa wema. Bahati mbaya wote wawili wanatazama nje ya ukurasa. Dada wa watu, msomaji atampita hivihivi!

Nimeigeuza. Safari hii nimekagua kila kitu kwanza: hakuna kovu, hakuna pete, hakuna gitaa. Wanapeana tu mkono wa kulia, kama watu wenye adabu.