Klasi ya Kwanza kwa Mbele, Klasi ya Tatu kwa Nyuma

Siku ya kwanza ya kazi, tarehe 2 Mars

Vanessa ameshinda! Debat ya shule nzima, wanafunzi mia tatu, wazazi, mwalimu mukuu na kravati yake. Swali: je, tajiri na masikini walipe kodi sawa? Mutoto wangu akasimama wima kama mushumaa, akasema hapana. Akasema dola tano kwa mama anayeuza makala ya kupikia ni chakula cha siku tatu. Kwa mwenye nyumba ya etaje, ya gorofa, ni kitu anasahau ndani ya suruali, wanaifua pamoja nacho. Watu walilia kwa kucheka. Mimi nilipanda juu ya benchi. Nilipiga vigelegele mpaka mwalimu mukuu akaniomba nishuke, eti benchi ni ya Leta, mali ya serikali.

Mimi niliishia mwaka wa tano wa primeri. Lakini ile akili haikutoka kwa baba yake. Baba yake ni shofa, yuko njia ya Butembo, na mesaje anaisoma akitembeza midomo.

Muzee Dieudonné, shefu wa avenyu yetu hapa Katoyi, alikuwa kati ya wageni. Wiki tatu sasa tunagombana juu ya kodi ya robine. Tunataka robine, bomba la avenyu, tuache kununua maji ya ziwa kwa bidoni kama watu wa kulaaniwa. Lakini nani alipe ngapi? Muzee akaomba karatasi ya Vanessa. Nikampa kopi kwa mikono miwili. Eti itatuokoa.

Mama Henriette wa ng'ambo ya barabara alikuwa pale pia. Alipiga makofi mawili. Mawili! Yeye anauza maharagi kwa jumla, ana malori ya Fuso mbili, na bado anasema mbele ya watu eti maji ni yale yale, tulipe sawa. Nilimwambia: ee mama, tumbo ni lile lile pia, mbona hatukutani kwako saa ya kula?

Akachukua mufuko wake, akatoka. Siku nzuri sana.

Siku ya tatu, tarehe 4 Mars

Mukutano wa avenyu. Muzee Dieudonné alisoma mwanzo wa karatasi ya mutoto wangu kwa sauti ya misa. Klasi tatu. Klasi ya kwanza, wenye nguvu, dola makumi ine. Klasi ya pili, dola kumi na tano. Klasi ya tatu, dola mbili. Nani anakubali? Nilinyoosha mikono yote miwili. Muzee akasema mumoja unatosha, mama. Nikaacha yote juu. Ni mutoto wangu!

Imepita. Nilikuwa nimekwisha kuweka dola mbili tayari ndani ya kikwembe nilichovaa.

Halafu akasoma majina ya mwanzo. Klasi ya kwanza: Papa Kambale wa etaje. Sawa. Daktari wa pale kona. Sawa. Mama Vanessa.

Nikageuka kuangalia ni Mama Vanessa gani.

Ni mimi! Nikauliza kwa nini. Muzee akasema: mama, nyumba yako ni ya mawe na simenti. Nikasema ni mbele tu, nyuma ni mbao! Ni kweli. Mwaka jana nilijenga ukuta wa mbele kwa mawe ya volkano, na madirisha ya vio, upande wa barabara peke yake. Nyuma ni mbao zile zile za zamani, ukipiga chafya zinaitika. Lakini watu wote wakaanza kutoa ushahidi. Mumoja akasema nilimwambia nyumba nzima ni ya mawe mpaka msalani. Mwingine akasema nilimwonyesha televizyo nikamwambia hata gavana hana kama ile. Nilisema hivyo, ndiyo. Lakini mutu anasema mambo!

Na Mama Henriette? Klasi ya tatu. Nyumba yake ni ya mbao, mabati yana kutu, na Fuso zake zinalala Munigi kwa kaka yake. Alishusha macho kama mutakatifu wa ukutani.

Makumi ine. Ndani ya kopo la maziwa, chini ya kitanda, nina makumi ine na mbili. Ni za egzame ya Leta ya Vanessa. Wakizichukua, mutoto aliyeshinda debat atakaa nyumbani na kuangalia wenzake wakienda kuchukua diplome.

Muzee akatuliza: siku ya posho, ya sita, kisha salongo, ile kazi ya kufagia barabara pamoja, kamati itapita kila nyumba kuangalia ndani. Anayelalamika atasikilizwa.

Ndani. Vizuri. Ndani ni mimi natawala.

Siku ya tano, tarehe 6 Mars

Plani imekamilika. Sikulala kwa furaha.

Nyuma ya parsele yangu kunakaa Mama Joyeuse. Mujane, watoto wane, anauza makala kwa mukebe. Mutu mwema kuliko wote wa Katoyi. Nilimwomba anitunzie vitu kidogo mpaka kesho jioni. Akauliza vitu gani. Nikasema vitu tu. Akakubali.

Vitu: viti vikubwa, fotei tatu za kadife nyekundu, mapazia yangu, rido za dantel, televizyo, maua ya plastiki, na saa ya ukutani yenye ndege.

Vanessa alisimama mulangoni, mikono kiunoni. Eti hii ndiyo ile aliyosema ndani ya debat: kuficha mali ni kumubebesha jirani muzigo wako. Nikamwambia debat iliisha siku ya kwanza, na zawadi walikwisha kutoa. Akasema ataenda kusoma kwa rafiki yake, hataki kuwa shahidi. Kichwa kigumu! Kwa hilo anafanana na baba yake.

Fotei kubwa haikupita njia ya nyuma, mawe ya volkano yamejaa. Ikabidi chukudu, ile baisikeli ya mbao ya mizigo, na kuzunguka kwa barabara. Kijana wa chukudu akauliza: mama, tunahama? Nikasema inaenda kufuliwa. Watu wakatazama. Nilikuwa nimeapa kunyamaza. Lakini Mama mumoja akasema ni fotei nzuri, je, ningefanya nini? Nikamwambia kadife imetoka Kampala. Nikamwambia na bei. Nikaongeza kidogo juu.

Sasa salon yangu ina mukeka mumoja na benchi yenye muguu mubovu. Nimemwaga majivu kidogo karibu na mulango. Mungu wangu, ni huzuni! Hata mimi nilijihurumia. Nilikaa pale nikalia machozi ya kweli.

Siku ya posho, tarehe 7 Mars

Niandike haraka kabla hasira haijapoa.

Salongo ilianza saa moja. Nilifagia nikiwa nimevaa kikwembe chenye tundu mbili na kandambili za rangi mbalimbali. Nilikohoa mara kwa mara. Saa ine kamati ikaingia kwangu: Muzee Dieudonné na kalamu, mwandishi wake, na nani tena? Mama Henriette! Eti muwakilishi wa wanawake. Nani alimuchagua? Nilikuwa sokoni nikiuza sambaza, samaki wangu wadogo, siku hiyo.

Muzee alitazama mukeka. Akatazama majivu. Akauliza televizyo ile ya gavana iko wapi. Nikasema: tuliuza, Muzee, maisha. Sauti ilinikatika yenyewe. Nikampeleka nyuma, nikapiga ubao kwa kidole, ukaanguka. Sikuupanga huo, ni Mungu. Muzee akatikisa kichwa. Akamwambia mwandishi: mama huyu anateseka, andika klasi ya tatu.

Klasi ya tatu! Nilitaka kucheza. Nikakohoa.

Halafu wakaenda kwa Mama Joyeuse.

Hilo sikulifikiria. Kweli, sikulifikiria hata kidogo. Nilikimbilia dirisha langu la nyuma. Dirisha lake liko hatua mbili, nasikia hata akikuna chungu.

Nilisikia Muzee akikaa. Kadife ile inamumeza mutu. Akasema: alaa, Mama Joyeuse! Akasema: rido za dantel! Ndege wa saa akatoka akalia mara tano, na ilikuwa saa ine. Muzee akasema kumbe mauzo ya makala yanalipa hivi, na sisi tunamuletea mujane huyu unga kila Noeli! Andika klasi ya kwanza. Makumi ine.

Mama Joyeuse hakusema neno. Alikuwa ameniahidi kunyamaza, na ahadi yake ni ahadi. Nilimwona kwa tundu la ubao. Alikuwa ameshika mutoto wake mudogo kwa kichwa, macho kwenye ardhi.

Nilijiambia: toka, sema ukweli. Muguu ukakataa. Nikajiambia: egzame ya Vanessa. Nikajiambia: nitamulipia kidogo kidogo. Nikajiambia mambo mengi.

Ndipo Mama Henriette akafungua kinywa. Akasema: lakini jamani, fotei hizi ni nzuri! Zimeshinda mbali zile za Mama Vanessa. Zile zake zilikuwa kama za hospitali.

Sijui nilitokaje. Nafikiri nilipita pale ubao ulipoanguka. Niliingia na kandambili moja nikipiga kelele: za hospitali? ZA HOSPITALI? Hizi ndizo zile! Ni zangu! Kadife ya Kampala! Na rido ni zangu, na ndege ni wangu, na televizyo geuzeni muone jina langu nyuma! Mama Joyeuse hana kitu humu ndani isipokuwa mukebe wa makala na roho nzuri, mufuteni!

Mama Joyeuse akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema: dada yangu, nilikuwa nangoja nione utavumilia dakika ngapi.

Muzee Dieudonné hakucheka. Alifuta jina la Mama Joyeuse, akalipeleka klasi ya tatu. Akaandika langu klasi ya kwanza na kupiga mustari chini yake mara mbili. Akasema baba wa mutoto wa debat angeona haya. Nikamwambia debat haina baba, ina mama.

Mama Joyeuse alinisaidia kurudisha fotei. Jirani wa namna hiyo hanunuliwi. Kwa njia akaniambia atamulipa Mama Henriette neno lake, nisihangaike.

Siku ya Mungu, tarehe 8 Mars

Sikukuu ya wanawake. Nilivaa kikwembe kipya, kichwa juu, kwa nini nifiche tena? Lakini kisha misa nilitoa kopo chini ya kitanda, nikaliweka juu ya magoti, nikalia.

Vanessa alinikuta. Nikamwambia anisamehe, diplome yake nimeikalia mimi mwenyewe. Akauliza: mama, ile karatasi yangu uliisoma? Nikasema mwanangu, iko ndani ya kadre! Akasema najua iko ndani ya kadre, nauliza kama uliisoma. Akaitoa ukutani, akaweka kidole chini kabisa. Pointi ya saba: nyumba yenye mutoto wa mwaka wa mwisho inashuka klasi moja mpaka amalize egzame.

Kumi na tano, si makumi ine! Kumi na tano nazipata kwa sambaza ndani ya wiki mbili. Kopo halitaguswa. Nilimubusu mpaka miwani ikaanguka. Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu siku ya tatu. Akasema alijaribu, nikamwambia anyamaze, niko na plani.

Mutoto gani huyu! Muko na kama yeye? Hamuna.

Nilikimbia kwa Muzee. Akasoma pointi ya saba, akakuna kidevu, akasema ni haki. Klasi ya pili. Imeisha. Namushukuru Mungu, na naahidi hapa, kwa mukono wangu, sitadanganya tena wala kujisifu.

Siku ya kwanza, tarehe 9 Mars

Liste imebandikwa kwenye ukuta wa Muzee Dieudonné. Avenyu yote ilienda kusoma.

Klasi ya tatu: Mama Joyeuse. Vizuri sana. Klasi ya pili: mimi, kati ya muuza kredi ya simu na kinyozi.

Klasi ya kwanza: Mama Henriette.

Mama Joyeuse alikuwa amempeleka Muzee mpaka Munigi, akamuonyesha Fuso zote mbili. Mama Henriette alilia kutwa ya jana, wanasema. Lakini leo! Leo nimemwona sokoni. Anatembea polepole. Watu wanamusalimia kwa mikono miwili. Mwenye nyama amemwita Mama Mukubwa na kumuchagulia mufupa mwenyewe. Akapita mbele ya beseni yangu ya sambaza, akasimama, akasema: ah, Mama Vanessa, Mungu akusaidie, na ninyi wa klasi ya pili mutafika tu.

Mutafika!

Nilienda kwa Muzee. Nilimwomba kitu kidogo sana: nilipe klasi ya pili, lakini jina liandikwe klasi ya kwanza. Ni wino tu. Akasema tangu awe shefu, watu wote wanamuomba kinyume chake. Akakataa. Akasema kesho asubuhi mukusanyaji atapita, ni mutu wa kutoka mbali, hajui sura ya mutu, atafuata ukuta: kilichoandikwa pale ndicho atalipisha, bila mazungumuzo.

Nikasema asante, Muzee, nimeelewa.

Nimetoka kununua kalamu ya feltre nyeusi, ile nene. Kila siku ya kwanza saa kumi Muzee anaenda mazoezi ya kwaya, na ukuta unabaki peke yake. Naenda kusoma liste kidogo, na kupandisha jina langu juu. Ni wino tu.