Mwombaji Namba Kumi na Tano

Ieleweke wazi na wananchi wote, wenye mbwa na wasio na mbwa, kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tano hakuna mnyama yeyote katika Kituo cha Jamii cha Kuhifadhi Wanyama, Mikumi, aliyeruhusiwa kupendwa bila kibali.

Tangazo hilo lilibandikwa getini likiwa na sahihi ya Bwana Ulimboka, Mwenyekiti wa Kamati ya Uoanishaji wa Wanyama na Wananchi, na mihuri mitatu. Wa tatu uligongwa kwa sababu wa pili ulitoka hafifu.

Aliyelichapa ni Bernadetha, msimamizi wa kituo, mwanamke wa miaka arobaini na moja ambaye hakuwahi kuvunja kanuni hata moja maishani mwake. Ndiye pia aliyechapa Kanuni zenyewe, kurasa thelathini na nane, wakati Mwenyekiti akizitamka huku anazunguka chumba mikono nyuma. Kwa hiyo alikuwa mtu pekee duniani aliyezisoma zote. Mwenyekiti alizitamka tu, na mtu anayetamka hana nafasi ya kusikiliza.

Kabla ya Kamati, mambo kituoni yalikwenda kienyeji sana. Mtu alikuja, akamwangalia mbwa, mbwa akamwangalia mtu. Bernadetha aliuliza maswali mawili matatu, akienda nyumbani kwa mtu huyo ikibidi, kisha akamkabidhi kamba. Utaratibu huo ulikuwa umewapatia makazi mbwa sitini na mmoja kwa miaka miwili, wengi wao waliotelekezwa na malori barabara kuu. Kamati ilipopewa takwimu hizo ilisikitika sana. Sitini na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyejadiliwa!

Mageuzi yalianzia ubao wa habari. Kila wiki Bernadetha alikuwa akiandika kwa mkono wake wanyama wanaotafuta mtu. Wiki ile alikuwa ameandika: "Stendi, mbwa dume, miaka mitatu hivi. Tulimkuta stendi ya mabasi amelala chini ya benchi. Mpole kwa watu, mkali kwa wezi. Ukimwita hutikisa mwili mzima, mkia peke yake haumtoshi."

Mwenyekiti aliyasoma maelezo hayo, akatoa kalamu, na ubao ukasomeka: "Kiumbe Na. 7. Jinsia: me. Rangi: ya udongo. Hali: kinafanya kazi."

"Lakini Mwenyekiti, ana jina," alisema Bernadetha.

"Jina linajenga mazoea, na mazoea yanaleta upendeleo," alijibu Mwenyekiti. "Tunajenga taasisi hapa, dada."

Siku ya tatu ya mageuzi alifika Mama Costancia kutoka Vidunda. Alikuwa mjane wa miaka sitini na nane, na alikuwa ameteremka mlima kwa miguu tangu alfajiri, kisha akapanda bodaboda, kisha basi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kutafuta mbwa. Mahindi yanakomaa na nyani wameshahamia. Mwaka jana waliniachia mabua. Binti yangu yuko Morogoro na magoti haya hayakimbii tena. Mwaka huu wakila tena, mimi na nguo zangu tunahamia kwa mkwe."

Alisema neno "mkwe" kama mtu anayetaja hospitali.

Bernadetha alimpeleka kwa Stendi. Mbwa alitikisa mwili mzima. Mama Costancia alimshika taya, akamtazama meno, akamkuna nyuma ya sikio, akasema, "Huyu." Kwa utaratibu wa zamani shughuli ingeishia hapo na chakula cha mchana kingewakuta njiani. Kwa utaratibu mpya aliitwa mbele ya Kamati.

Mwenyekiti Ulimboka, mwenye umri wa miaka hamsini na tatu, alikaa akisubiri kuamkiwa. Mama Costancia alisimama akisubiri kuamkiwa. Kanuni hazikuwa na kifungu juu ya jambo hilo. Mwishowe Mwenyekiti alisema "Shikamoo" kwa sauti ya mtu anayekohoa.

"Marahaba baba. Nifungie mbwa wangu."

"Subiri kwanza. Una uzoefu wa miaka mingapi katika sekta ya mbwa?"

"Tangu nizaliwe."

"Una vyeti?"

"Vya ubatizo na kipaimara."

Wajumbe walinong'ona. Iliamuliwa kwamba kipaimara kipewe alama mbili. Akapata alama themanini na nane kwa mia, ambazo ni nyingi kwa mtu asiye na barua pepe.

"Umefaulu usaili," alisema Mwenyekiti. "Bado ukaguzi wa makazi. Kamati itakuja kwako gari likipatikana."

"Kwangu gari halifiki. Mnapanda kwa miguu."

"Basi gari linalofika likipatikana."

Mama Costancia alirudi Vidunda bila mbwa. Alirudi tena wiki iliyofuata, akaambiwa gari bado. Mara ya tatu alikuja na masuke matano ya mahindi yaliyong'olewa na kutafunwa nusu, akayapanga juu ya meza ya Bernadetha. Bernadetha aliyapokea, akayaandika kwenye rejesta kama kielelezo, kisha akaenda nyuma ya banda la punda akakaa kidogo peke yake.

Hapo ndipo ilipokuja taarifa kwamba Mratibu Mkuu wa Kanda wa Ustawi wa Viumbe, Mheshimiwa Donati, angezuru kituo siku ya Ijumaa kupokea pongezi. Mwenyekiti aliingia ofisini akipepea barua.

"Mheshimiwa lazima akute mabanda matupu. Banda tupu ni mafanikio. Tuna wangapi?"

"Mbwa tisa, paka wanne, punda mmoja."

"Na hakuna aliyechukuliwa mwezi mzima? Wananchi wa huku hawana mwamko kabisa. Basi wote wahitimishwe kabla ya Ijumaa. Nimeshaongea na mtaalamu."

"Wahitimishwe maana yake nini, Mwenyekiti?"

"Ni neno la kiutawala."

"Mtaalamu anakuja na nini?"

Mwenyekiti alitazama dirishani. "Na bunduki," alisema, "lakini kwa kuzingatia taratibu zote."

Bernadetha hakulia wala hakubishana, kwa sababu kubishana na Mwenyekiti ni kosa chini ya kifungu cha tisa. Alitoa Kanuni kwenye droo, akasoma ukurasa kwa ukurasa, kidole chini ya kila mstari. Ukurasa wa thelathini na moja alikuta alichokikumbuka: "Hakuna kiumbe kitakachohitimishwa iwapo kina ombi ambalo mchakato wake unaendelea." Mwenyekiti alikuwa ameliweka hilo ili mafaili yaonekane mengi.

Stendi alikuwa na ombi. Wengine kumi na watatu hawakuwa nalo.

Alichukua fomu, akafunga ofisi, akaingia mjini. Mama lishe wawili walijaza fomu za paka wote wanne, kwa sababu ya panya. Mwalimu mmoja aliomba mbwa, na mkewe akaomba mwingine ili wa kwanza asiwe mpweke. Kijiwe kizima cha bodaboda kiliomba mbwa sita kwa ajili ya kulinda pikipiki, kikagombana juu ya nani ajaze safu ya "hali ya ndoa". Budeba, mfugaji wa Zombo aliyekuja mnadani, aliuliza kama punda anabeba maji. Alipoambiwa anabeba, alisaini papo hapo. Jumatano jioni Bernadetha aliweka fomu kumi na nne mezani kwa Mwenyekiti, zote zimegongwa muhuri wa mapokezi.

Mwenyekiti alizihesabu mara mbili. Akasoma ukurasa wa thelathini na moja. Akausoma tena, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Nani ameandika kifungu hiki?"

"Wewe, Mwenyekiti."

"Ni kifungu kizuri," alisema kwa masikitiko, akampigia simu mtaalamu asije.

Ijumaa mabanda yalikuwa yamejaa, na mbele yake lilisimikwa bango: WAPO KWENYE MCHAKATO. Turubai lilifungwa, waombaji wote walialikwa, na Mheshimiwa Donati aliwasili akiwa amechelewa saa tatu tu. Aliambiwa kuhusu Kanuni, akafurahi mno. Alipewa kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, hiki ndicho tunachokitaka! Usawa! Hakuna cha mkubwa wala mdogo! Hata mimi leo nataka kuasili mbwa, na nitapita kila hatua kama ninyi, hapa hapa, mbele ya macho yenu!"

Alimwonyesha Stendi kwa kidole, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na mpiga picha. Watu walipiga makofi. Mama Costancia, kiti cha mbele, hakupiga.

Bernadetha alikuwa amekaa pembeni akiandika kumbukumbu za hafla. Alisikia maneno "kila hatua", na kwake maneno hayo yalikuwa na maana moja. Aliinuka, akafuata fomu ofisini, akarudi, akavuta kiti mbele ya mgeni rasmi.

"Mwombaji namba kumi na tano," alisema kwenye kipaza sauti cha pili. "Swali la kwanza. Kwa wastani, uko nyumbani siku ngapi kwa wiki?"

Mheshimiwa alicheka. Bernadetha alisubiri, kalamu mkononi. Mwenyekiti alimkonyeza aache, lakini konyezo halimo kwenye Kanuni.

"Kazi za wananchi ni nyingi," alisema Mheshimiwa. "Siku mbili. Moja."

"Alama tatu. Swali la pili. Taja wategemezi wako wote na umri wao."

"Nina watoto watano. Wa kwanza yuko chuo. Wa pili..." Alimtazama msaidizi wake. Msaidizi alionyesha vidole, lakini ilikuwa vigumu kujua kama ni umri au idadi. "Wa pili naye anakaribia."

"Alama nne. Swali la tatu. Je, umewahi kuahidi kurudi mahali ukaacha kurudi?"

"Mimi? Kamwe!"

Budeba alisimama kwa adabu, kofia mkononi. "Samahani Mheshimiwa. Zombo ulisema unarudi baada ya wiki mbili kuangalia kile kisima. Tulichinja ng'ombe. Ni masika ya pili hii, na ule utepe wa kukata bado tunao."

"Sifuri," alisema Bernadetha, akaandika. Hakuwa na nia mbaya. Fomu ilisema jibu lililopingwa na shahidi lihesabiwe sifuri.

Maswali yalikuwa kumi na mawili. Katika la mwisho, mwombaji aliachwa na mnyama dakika tano ili Kamati ione maelewano. Mheshimiwa alimpigia Stendi miluzi, akampa mkono, akamhutubia kidogo kuhusu maendeleo. Stendi alipiga mwayo, akajilaza kwenye kivuli cha turubai, akalala.

"Jumla alama ishirini na sita," alitangaza Bernadetha. "Kiwango cha kufaulu ni hamsini. Mwombaji anaruhusiwa kukata rufaa ndani ya siku kumi na nne, aje na picha mbili."

"Mzee umefeli!" sauti ilitoka kijiwe cha bodaboda, na turubai zima likalipuka kwa kicheko. Mwenyekiti Ulimboka alikuwa amefumba macho.

Mheshimiwa Donati alisimama. Alikuwa na uzoefu wa miaka mingi wa kusimama.

"Hongereni!" alisema. "Nilikuwa nawapima. Nilitaka kuona kama mko makini, na mko makini sana." Kisha akamgeukia Mwenyekiti, na tabasamu lake halikufika machoni. "Lakini nasikia mama huyu ana mwezi mzima tangu afaulu na hajakaguliwa. Kwa nini?"

"Gari, Mheshimiwa."

"Kanuni zinasemaje kuhusu ukaguzi?"

Mwenyekiti hakujua. Wote walimtazama Bernadetha. Alifungua ukurasa wa ishirini na saba akasoma: "Mwenyekiti mwenyewe atajiridhisha na mazingira ya kazi ya kiumbe kwa kushiriki kazi hiyo kwa muda usiopungua siku tatu. Kiumbe hakitaanza kazi hadi ukaguzi ukamilike."

"Ni kifungu kizuri," alisema Mheshimiwa. "Aanze kesho, na aanze na Vidunda. Akimaliza huko aende kwa hao wengine kumi na watatu, kwa mpangilio."

Kesho yake walipanda mlima: Mama Costancia mbele, kisha Stendi, kisha Bernadetha na rejesta, na mbali kabisa nyuma, Mwenyekiti na viatu vyake vya ngozi. Kila kona alikaa chini kujiridhisha na mazingira. Mama Costancia alimsubiri bila kulalamika, akimwambia "pole baba" kila mara, na hilo ndilo lililomchosha zaidi.

Siku ya kwanza nyani walikuja mara nne. Mwenyekiti aliwasomea tamko. Siku ya pili alipewa debe bovu na fimbo, akasimama ukingoni mwa shamba tangu jua lilipochomoza. Aligonga debe, alipiga kelele, alikimbia kutoka kona hii hadi ile huku suruali imekunjwa hadi magotini. Stendi alilala kivulini karibu na jiko. Mara moja alinyanyua kichwa na kunguruma, na nyani wawili wakubwa wakaruka hadi ng'ambo ya korongo. Mwenyekiti alimwamuru anyamaze. Ukaguzi ulikuwa bado haujakamilika.

Saa tano hivi alipita jirani, mzee Kornelio, akiwa na jembe begani. Alisimama kutazama.

"Naona umepata mbwa, dada."

"Nimepata. Yule pale kivulini. Ataanza kesho kutwa."

"Na huyu anayegonga debe?"

"Ni Mwenyekiti wa Kamati. Yuko kwenye majaribio."

Mzee Kornelio alimtazama Mwenyekiti akipita mbio mbele yao, anahema, na dume moja la nyani limekaa kwenye kichuguu linamenya hindi bila haraka.

"Anafaa?"

Mama Costancia alifikiri kwa haki kabisa, kama mtu aliyeulizwa swali la ofisi.

"Sauti anayo," alisema. "Lakini nyani wameshamjua."

Bernadetha, aliyeketi kwenye gogo, alifungua rejesta akaandika hivyo hivyo, neno kwa neno, akagonga muhuri.