Supu Yangu ya Mwani Imekwama Ofisini Kwenu

Kwa Mkuu wa Udahili,
Chuo cha Tiba.

Mheshimiwa,

Kwanza poleni na kazi ya kupiga simu. Mimi ni Pyo Hae-rim wa Jeonju, nimejifungua juzijuzi, na ni dada wa Pyo Seung-chan, namba saba katika orodha yenu ya akiba. Tovuti yenu inasema mmeshawapigia hadi namba sita, na mwisho wa kupiga simu ni Ijumaa jioni. Huu ni mwaka wake wa tatu wa kujaribu udaktari. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Sijaonja supu ya mwani tangu nijifungue. Hata wewe, Mheshimiwa, mama yako aliinywa ulipozaliwa, bakuli juu ya bakuli, mpaka maziwa yakaja. Mimi nimekuja kulelewa uzazi kwa mama yangu, naye mwani kaupiga marufuku kwa sababu unateleza, na nyumba inayongoja majibu ya chuo haitaki kitu kinachoteleza. Nilipomkumbusha kwamba aliyefanya mtihani ni Seung-chan, siyo mimi, alinijibu: "Si mnalala chini ya paa moja? Kula keki ya mchele wa kunata, bahati nayo inate, unyamaze."

2. Mama mkwe alinitumia mwani mkavu, mzigo mzima. Mama kaupeleka kwa jirani wa ghorofa ya chini, na jirani anaupika kila asubuhi. Harufu inapanda. Nalia mimi, analia mtoto.

3. Mliomba namba za wazazi pia, kwa hiyo simu zao zimelazwa mezani kama wagonjwa. Ya Seung-chan anaoga nayo, ndani ya mfuko wa nailoni. Juzi simu ya mama iliita. Baba akazima televisheni, mama akasimama wima, kumbe ni zahanati, wanaulizia chanjo ya binti yangu. "Aa, chanjo tu!" akasema mama, akakata.

4. Mume wangu Ki-beom aliniletea supu kwa siri kwenye chupa ya chai, nikainywa bafuni huku nimefungulia maji. Kesho yake namba yenu haikusogea. Mama alinitazama tu. Mheshimiwa, huo ni ushirikina mtupu! Mimi ni mtu niliyesoma, na natamka wazi kwamba mwani na udahili havijuani hata kwa salamu.

Basi naomba mmpigie kijana. Ikishindikana, mwelezeni namba sita jinsi Seoul kunavyopendeza, aende chuo cha huko, atuachie nafasi. Hilo nalo likishindikana, ninyi si madaktari? Niandikieni cheti chenye mhuri: supu ya mwani mara tatu kwa siku, na mama mzazi asiingilie. Mkikataa hata cheti, basi aje profesa wenu wa magonjwa ya watoto amweleze binti yangu, ana kwa ana, kwa nini maziwa yake yanasubiri kikao chenu.

Nisalimieni wapiga simu wote, na namba sita na wazazi wake (tunawaombea Seoul kwa moyo mweupe kabisa), na mama yako pia.

Wako mwenye njaa,
Pyo Hae-rim

Tanbihi: Mmepiga! Nilikuwa nafunga bahasha. Seung-chan alisema "Ndiyo, nakuja, nakuja, nakuja," mpaka mpigaji wenu akacheka. Baba anacheza na mtoto mabegani, ingawa shingo ya mtoto bado haijakaza. Mama ameshuka ghorofa ya chini mbio na kandambili za chooni, akaudai mwani wake, na sasa supu iko mbele yangu, ina nyama ya ng'ombe, inatoa mvuke. "Kula, mwanangu, nisamehe mama yako," ananiambia.

Lakini mpigaji amesema usajili ni kesho asubuhi. Nimelisukuma bakuli. "Mama, hebu subiri kwanza asajiliwe," nimemwambia. "Wewe unajuaje kama nafasi haitateleza?"

Lile lalamiko langu la nne lifuteni. Na tafadhali, kesho fungueni ofisi mapema.